Jicho Lililolazimishwa Kuona

Kiwandani walimwita Bisibisi. Jina lilianzia mwilini: alikuwa mrefu, mwembamba, na penye upenyo ambao wanaume wa karakana walishindwa kupitisha hata bega, yeye aliingia mzima akatoka na nati iliyopotea. Baadaye jina likahamia ulimini. "Huyo ukimpa nafasi anakuzungusha mpaka ulegee," walisema, naye hakukanusha. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mume fundi cherehani, binti mmoja shule ya bweni, na kazi ambayo mama mkwe wake aliwaeleza majirani kwa maneno mawili: "Anatibu mitambo."

Si maelezo mabaya. Kiwanda kilitengeneza sabuni ya unga, na siku hizi kilijiendesha karibu chenyewe. Mashine zilijaza pakiti, zikazifunga, zikazipanga katika katoni zilizosafiri juu ya mkanda mrefu, na mwisho wa mstari mkono mkubwa wa chuma, wa rangi ya manjano, ulizibeba katoni na kuzipanga juu ya paleti, vile vichanja vya mbao ambavyo gari la foklifti huvinyanyua na mzigo wake. Mstari uliokuwa ukilisha watu sitini sasa ulikuwa na watu watano. Yeye alikuwa mhandisi wa matengenezo wa zamu, kazi ya kungoja kitu kiharibike, na kikiharibika, kukimbia. Wiki moja asubuhi, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Mumewe alibandika ratiba hiyo ukutani juu ya cherehani, na hakumwahidi mtu yeyote jambo lolote kabla ya kuitazama. "Nyumba za wenzetu zina kalenda ya mwezi," alipenda kusema. "Yetu ina kalenda ya mke."

Mama yake Bisibisi alikuwa dobi wa hospitali. Pale dobini palikuwa na mashine moja kubwa ya kufulia, na ilipogoma aliitwa fundi, mwanamume mwenye mkoba, aliyewafukuza wanawake wote, akafunga mlango, akatoka baada ya saa nzima na kutangaza, "Imepona."

"Ilikuwa na nini?" mama aliuliza siku moja.

"Mama, wewe fua."

Bisibisi, wakati huo mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameketi juu ya furushi la mashuka, akalisikia jibu hilo, na likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakuwa na wivu na mkoba wa fundi. Alichotaka ni kujua ilikuwa na nini. Basi akasoma, akafika chuo cha ufundi, wasichana sita kati ya wanafunzi tisini, na alipokuja kuomba kazi kiwandani, mkuu wa karakana, mtu wa tumbo kubwa na miwani midogo, alimuuliza, "Ukiwa mjamzito, nani atapanda ngazi?"

"Yule yule anayepanda kwa niaba yako sasa," alijibu.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akamwandika kazi. Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu siku hiyo alimwita "mwanangu", akamfundisha kila alichokijua, na wengine walipomsimamia mgongoni, mikono kifuani, wakingoja akosee, Mkuu ndiye aliyewafukuza. Walizoea kungoja. Akitengeneza upesi, walisema bahati. Akichelewa, walisema "tulisema". Kwa hiyo Bisibisi alikuwa na kiburi kimoja alichokitunza kama mboni: katika miaka yote hiyo hakuna hitilafu hata moja iliyowahi kuandikwa kwa jina lake.

Ila kiburi hicho kilikuwa na ufa, naye alijua. Pale karakanani palikuwa na daftari la zamu, kubwa, la jalada gumu, lililofungwa kwa waya kwenye mguu wa meza lisitembee. Kila zamu ilipokwisha, mhandisi aliandika kilichoharibika, sababu yake, na kilichofanywa. Na palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote ila kila mgeni aliifundishwa wiki ya kwanza: karakana haijishtaki. Kila hitilafu katika daftari lile ilikuwa na wazazi watatu tu, umeme, panya au opereta. Kwa jinsi daftari lilivyosema, panya wa kiwanda kile walikuwa na digrii. Bisibisi aliicheka sheria hiyo, na aliishi nayo. Hata yeye aliwahi kumwandika panya asiye na hatia.

Jumatatu ya wiki ya asubuhi, alibadilisha jicho la ule mkono wa manjano.

Jicho ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachotoa mwanga mwekundu. Kazi yake ni moja: kutazama kama paleti imefika mahali pake. Likiona paleti, mkono unashuka na katoni. Lisipoona, mkono unabaki juu, hata ungoje hadi kesho. La zamani lilikuwa limepasuka. Alipokuwa akifunga jipya alitaka kuujaribu mkono, kwa hiyo aliingia kwenye kompyuta ya mashine na kuiamuru: lolote jicho litakaloona, wewe hesabu kwamba limesema "naiona". Mafundi huiita hatua hiyo kulazimisha. Ni jambo la kila siku, la dakika mbili, kisha unaliondoa. Alijaribu, mkono ukashuka na kupanda kwa utii. Akalikaza jicho, akalinyoosha, na kabla hajairudia kompyuta, king'ora cha mashine ya kujaza kikalia upande wa pili. Akakimbia. Aliporudi baada ya saa mbili mkono ulikuwa ukifanya kazi vizuri, zamu imekwisha, na tumbo linamdai. Akaandika: *Jicho limebadilishwa. Iko sawa.* Akaenda nyumbani.

Siku nzima ya Jumanne paleti zilifika kwa wakati, na uongo haukuonekana, kwa sababu kila mashine iliposema "naiona", kweli paleti ilikuwepo.

Aliyekuwa akiusimamia mkono ule alikuwa opereta waliyemwita Kimya, kwa kuwa alianza kusema akiingia getini na kunyamaza akitoka. Alisema na walinzi, na katoni, na mkono wenyewe aliuita shemeji. "Shemeji, leo usinune," alisikika kila asubuhi akiufuta vumbi, "tuna mzigo mrefu." Jumatano, saa nne hivi, paleti tupu ilikwama njiani kwenye magurudumu. Mkono haukungoja. Ulishuka, ukaweka katoni juu ya magurudumu matupu, na wakati ungali chini, paleti ikajinasua, ikaja kwa kasi, ikaugonga. Kimya alikibamiza kitufe chekundu cha kusimamishia, lakini kiganja cha chuma kilikuwa kimeshapinda kama kijiko cha bati.

Bisibisi alipofika na mkoba wake, meneja alikuwa ametangulia.

"Umeuendesha bila paleti!"

"Bosi, mimi sikugusa kitu. Shemeji mwenyewe ndiye..."

"Nani?"

"Namaanisha roboti, bosi. Taa ilikuwa kijani. Naapa."

"Mwaka jana pia uliapa."

Ilikuwa kweli. Mwaka jana alikamatwa amebandika kipande cha karatasi ya kung'aa mbele ya jicho ili lisimcheleweshe. Alipewa onyo la maandishi. Onyo la pili, kwa kanuni za pale, ni kufungasha. Meneja akamwamuru arudi nyumbani, asubiri kikao cha Ijumaa, naye Kimya akavua kofia ya kazi na kuitundika taratibu, kama mtu anayetundika nguo ya marehemu.

Bisibisi alifungua kompyuta. Katika orodha ndefu ya maandishi meupe kulikuwa na mstari mmoja wa manjano: jicho, limelazimishwa, Jumatatu, na namba yake ya kuingilia. Aliusoma mara tatu, kama barua ya msiba ambayo mtu hutumaini imekosea anwani. Kubofya mara moja kungeufuta, na hakuna macho mengine ambayo yangejua kwamba uliwahi kuwepo.

Mkuu wa karakana akatokea nyuma yake, akautazama mstari ule, akaelewa. Akafunga mlango wa kichumba cha vioo kilimowekwa kompyuta.

"Ondoa," alisema.

"Nitaondoa. Mashine haiwezi kutembea hivi."

"Ondoa, mwanangu, kisha sahau."

"Na Kimya?"

"Kimya ana historia."

"Historia yake ni karatasi. Hii ni yangu."

Mkuu akaketi, kiti kikalia. "Nisikilize. Mwakani nastaafu. Jina nililopeleka juu lishike nafasi yangu ni lako. Si la yule wa zamu ya mchana, wala la mpwa wa meneja. Lako. Unajua nimegombana na watu wangapi? Ukiandika hii, wale waliokuwa wanangoja miaka kumi na miwili watapiga vigelegele. Opereta atapata kazi kwingine. Wewe nafasi hii hutaipata tena."

Bisibisi aliigeukia kompyuta. Aliuondoa ule mstari, lakini kwanza aliupiga picha. Kisha akalala chali chini ya mkono wa chuma, akafungua kiganja kilichopinda, akafunga cha akiba, na mpaka anamaliza mgongo ulikuwa umelowa jasho na grisi. Saa nane, king'ora cha kubadilishana zamu kilipolia, aliketi mbele ya daftari na kuandika kwa herufi kubwa ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma:

*Mkono uligonga paleti kwa sababu jicho lilikuwa limelazimishwa. Nililazimisha mimi Jumatatu nikijaribu, nikasahau kuondoa. Nimeondoa leo. Opereta hana kosa.*

Akatia saini. Mhandisi wa zamu ya mchana, aliyekuja kupokea, alisoma akiwa amesimama, akasoma tena, kisha akamtazama kama mtu aliyevua nguo sokoni.

"Dada, hivi panya wameisha?"

"Wamestaafu," alisema Bisibisi, akachukua mkoba wake.

Nyumbani mumewe alikuwa akipinda suruali ya shule, pini mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani, maana alimjua mkewe: ukiacha kazi kumtazama, anapunguza maneno.

"Sasa unaogopa nini?" aliuliza. "Umeshaandika."

"Karatasi inachanika."

"Na wewe?"

Alicheka bila kutaka. "Watasema mwanamke."

"Mimi nikikata kitambaa vibaya wanasema fundi mbovu. Wewe unataka wakuite nani?"

"Fundi mbovu," alisema, na alishangaa kuona jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi mdomoni. "Nataka waniite fundi mbovu, kwa kosa hilo moja, na wasimwite mtu mwingine."

Ijumaa hakualikwa kikaoni. Alijua ni saa nne, chumba cha juu. Saa nne kasoro dakika kumi alikwenda kulichukua daftari na kukuta waya umeongezwa mizunguko, na ukurasa wa Jumatano umebanwa kwa klipu pamoja na ule uliofuata, ili mwenye kufunua aupite. Angalau Mkuu hakuuchana. Pengine mkono wake ulimkatalia. Bisibisi akatoa koleo, akakata waya, akalikumbatia daftari kifuani, akapanda ngazi.

Ndani walikuwa watano: meneja, ofisa utumishi, karani wake wa kuandika kumbukumbu, Mkuu wa karakana, na Kimya katika shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama ubao. Mbele yao palikuwa na ripoti ya karakana, mstari mmoja: hakuna hitilafu ya kiufundi iliyoonekana.

"Nani amekuita?" meneja aliuliza.

"Hakuna. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Bisibisi," Mkuu alisema kwa sauti ya chini, "rudi kazini."

"Niko kazini, Mkuu. Hii ndiyo kazi."

Aliondoa klipu, akasoma maneno yake mwenyewe, polepole, kisha akaweka simu mezani na ile picha ya mstari wa manjano. Ofisa utumishi alimtazama meneja. Meneja akatazama dari.

"Haya mambo huwa na pande mbili," alisema hatimaye. "Hata kama jicho lilikosea, opereta naye ana macho."

"Taa ilikuwa kijani. Taa ilimwambia paleti ipo. Mimi ndiye niliyeifundisha kusema uongo. Ulitaka abishane nayo?"

"Mimi huwa nabishana na shemeji, bosi," Kimya alidakia, "ila hasikii."

Karani aliinamisha kichwa ili asicheke. Meneja akakunja mikono juu ya meza, akabadili sauti, ikawa laini kama mafuta ya kupaka. Alieleza kwamba yeye si mtu wa kuharibu maisha ya mtu. Opereta atarudi Jumatatu. Ataandikiwa onyo dogo tu, la kutokuwa makini, ili faili lifungike. Mhandisi hataandikiwa lolote. Ni mtu anayetegemewa, na makao makuu yana macho juu yake. Daftari litabadilishwa, hili limechakaa.

Kimya alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Nimekubali! Dada, nimekubali. Waniandike hata nimeiba mwezi, mradi Jumatatu niko kazini."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, si kwa meneja. Mtu aliyekuja kumtetea alikuwa akimsihi anyamaze. Mkuu naye alimtazama kwa jicho la baba, akimwomba kwa nyusi: chukua, mwanangu, wote mmepona.

"Kaka, keti," alisema Bisibisi. "Ulipewa onyo mwaka jana, lilikuwa lako, ulilibeba. Hili si lako. Ukilibeba, mwakani taa ya choo ikizimika watafungua faili na kusema, huyu ana mawili."

"Na wewe je?"

"Mimi sina hata moja. Nafasi ya kulibeba ninayo."

Mkuu alipasuka. "Unajua unachojifanyia? Watasema walisema!"

"Waseme. Miaka kumi na miwili wamekuwa wakisema bila sababu. Sasa wanayo, wamepumzika." Akamgeukia meneja. "Nimekosea kama anavyokosea mhandisi yeyote anayekimbizwa na king'ora kabla hajamaliza kazi. Niandikieni mimi. Mkimwandikia yeye neno lolote, picha hii naipeleka kwa mkaguzi wa usalama kazini, tumuulize yeye macho ya opereta ni ya nani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ule mkono una uzito wa kumuua mtu."

Walimtoa nje, na Kimya naye. Alisimama kwenye korido, daftari kifuani, mbele ya kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyejali kuiondoa. Kimya alikaa sakafuni karibu naye na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema, kisha akalipata: "Dada, wewe ni mgomvi sana." Aliyasema kama mtu anayemsifia mwenzake kwa sauti nzuri.

Baada ya saa nzima mlango ulifunguliwa. Meneja alikuwa ameondoka kwa mlango mwingine. Ofisa utumishi alisoma uamuzi: opereta anarejea kazini. Mhandisi anapewa onyo la maandishi, anazuiwa kugusa kompyuta za mashine kwa miezi mitatu, atafanya kazi ya kulainisha mitambo, na jina lake linaondolewa katika mapendekezo ya ukuu wa karakana. Karani akaisogeza barua na kalamu.

Bisibisi aliisoma. *Kutokana na uzembe wa opereta na mhandisi...*

"Futa 'opereta na'," alisema.

"Mama, ni maneno tu," karani alisema.

"Basi futa maneno tu."

Karani alikwenda, akarudi na barua mpya, bado na joto la printa. *Kutokana na uzembe wa mhandisi, pamoja na kutokuwa makini kwa opereta...* Bisibisi akairudisha bila kuimaliza. "Kwa heshima yako, binti, hii ni ile ile imevaa kanzu."

"Wino wa printa unaisha," karani alilalamika.

"Nitaingoja hata ukiandika kwa mkono. Mkono wako mzuri, nimeuona kwenye fomu za likizo."

Ofisa utumishi alikohoa, akatazama saa yake, akatazama dirisha, na akaona kwamba mwanamke huyu hakuwa na haraka hata chembe. Akamfanyia karani ishara kwa kidole. Ya tatu ilikuja: *Kutokana na uzembe wa mhandisi.* Nukta. Bisibisi aliisoma yote, mpaka namba ya simu ya kiwanda chini kabisa. Kisha akaomba barua ya Kimya, akaisoma nayo, na alipokuta hamna neno linalouma, akasaini ya kwake kwa jina lake kamili, majina yote matatu, ambayo wengi pale walikuwa hawayajui.

"Umeridhika sasa?" ofisa aliuliza.

"Sijaridhika. Nimesaini."

Zamu ilikuwa imebakiza saa mbili. Chini karakanani, Mkuu alikuwa ameshafika, amempa kila mtu mgongo, anapanga spana ambazo zilikuwa zimepangika. Hakugeuka. Alisukuma tu bomba la grisi juu ya meza.

"Beringi za mkanda mrefu," alisema. "Ziko mia na arobaini."

"Mia na arobaini na mbili," alisema Bisibisi. "Mbili za kona huwa mnaziruka."

Akalichukua bomba, akafunga kitambaa kichwani, akaingia chini ya mkanda kichwa kikitangulia.